Darasa la Kiingereza, Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Juni

Nimekata shauri. Nafungua darasa la Kiingereza hapahapa chumbani. Miaka ishirini na sita nimetunza stoo ya rangi, na kila kopo lilikuwa na Kiingereza ubavuni. Nani mtaani kanizidi? Tangu mke wangu afariki, wanaopanda ngazi hizi ni wawili tu: msoma mita na paka wa jirani. Msoma mita hakai. Kule chini fundi saa ana watu kutwa, wamejazana kwenye benchi lake kama siafu, na saa zenyewe hawana!

Nimepanga viti sita. Kibao nimekitundika chini mlangoni, rangi nyekundu: I LEARN ENGLISH HERE. Fundi saa akauliza maana yake. Nikamwambia: nafundisha Kiingereza hapa. Akaguna. Wivu huo!

Jumanne, 4 Juni

Hakuna mtu. Saa tano, hatua ngazini! Nikakaa wima, chaki mkononi. Kumbe ni mtu anamtafuta daktari wa meno. Nikamwelekeza kwa kirefu, kisha njia ya kuzunguka, kisha ya tatu. Shavu limemvimba, maskini, hakuweza kunikatiza. Mazungumzo mazuri sana.

Jumatano, 5 Juni

Amekuja! Mama wa makamo, miwani ina uzi shingoni. Mwalimu mstaafu. Akakaa kwenye kiti changu, kile cha mbele. Akasema kibao kimemgusa: mtu mzima kutangaza bila haya kwamba anajifunza! Maana learn, akaeleza, ni kujifunza. Kufundisha ni teach. Masikio yakaniwaka moto. Nikasema naam, ndivyo nilivyokusudia.

Basi akanifundisha. Learn from, kujifunza kutoka kwa mtu. Learn by heart, kukariri. Tena learn ni kupata habari: I learned that he was ill, nilipata habari kwamba anaumwa. Huyo he alikuwa mumewe. Alipigiwa simu akiwa darasani, akamaliza somo kwanza. Nikachemsha chai. Kikombe cha pili nilikikuta nyuma ya kabati, kina utando wa buibui.

Atarudi kesho saa kumi.

Alhamisi, 6 Juni

Kaja. Learned au learnt? Zote sahihi, kasema, chagua moja ukae nayo. Nimemchekesha mara mbili. Mara mbili!

Alipoondoka nikashuka kununua sukari. Fundi saa akaniuliza kama nimepata mwanafunzi au mwalimu. Benchi zima likaangua kicheko. Ningefanyaje? Nikasema yule mama ni mwanafunzi wangu, mzito kidogo wa kuelewa, lakini nitamnyoosha. Kisha nikafuta LEARN, nikaandika TEACH. Akili ni mali!

Ijumaa, 7 Juni

Saa kumi. Saa kumi na nusu. Nikachungulia dirishani: amesimama chini, anasoma kibao. Fundi saa anamweleza jambo, mikono inapepea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Hakupanda.

She learned that I lied, alipata habari kwamba nilidanganya. Sentensi sahihi kabisa, na sina wa kumwonyesha.

Jumamosi, 8 Juni

Sauti kutoka chini: I learn, you learn, we learn. Benchi zima! Fundi saa anatamka "lani", na hakemewi. Nimelaza sikio sakafuni. Nikawa naitikia kimyakimya mpaka tukafika wakati uliopita, I learned.

Baadaye mlango ukagongwa. Ni yule mama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kaka, nafasi moja ipo benchini," akasema. "Mwanafunzi wako mzito anakukaribisha."

Mdomo wangu, wenyewe tu, ukajibu kwamba niko katikati ya kipindi. Akavitazama viti sita vitupu. Akasema haya, asinikatize. Akashuka polepole, ameshika ukuta. Nilizihesabu hatua zake mpaka zikaisha.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari asubuhi nzima, na kosa langu nimeliona. Kosa ni Kiingereza! Kila mtu anajua kidogo, ndiyo maana wananiumbua. Dawa ni Kifaransa. Nimeulizia mtaa mzima: hakuna hata mmoja anayekijua. Wala mimi. Safi kabisa! Hapo nani atakuja kunisahihisha?