Mlango wa Wodi Smati

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa kamati, na wajumbe wa kamati inayoisimamia kamati. Wakunga mliochangamka na mlionuna. Kina mama wajawazito mliokuja kwa miguu. Waheshimiwa wa kivulini na wananchi wa juani. Itifaki nimeizingatia, nimeizungusha na nimeirudisha mahali pake. (Makofi kutoka kivulini.)

Leo nawazindulia Wodi Smati ya Wazazi, lakini kabla sijakata utepe uliofungwa kwenye mlango huu mzuri, ambao nawaomba msiuzunguke kwa nyuma kwa sababu za kiusalama, ni lazima kwanza tujengeane uwezo kuhusu hilo neno smati, maana Kiingereza hakiingii kichwani kwa kupiga makofi tu. (Katibu acheka peke yake.)

Smati ni nini? Mjomba wangu, fundi cherehani, atawaambia smati ni suruali iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Mwalimu atasema ni mtoto anayejibu kabla hajaulizwa. Binti yangu atasema ni simu. Wote wamejitahidi, ila hawakufika semina. Mimi nimehudhuria semina, tena kwenye hoteli yenye zulia hadi chooni, na huko tulikubaliana kwamba smati, katika muktadha wa maendeleo shirikishi, jumuishi na endelevu, ni kitu chochote ambacho kikiwapo kinafanya kazi, na kisipokuwapo hakimsumbui mtu.

(Mkunga: "Na maji, Mheshimiwa?")

Swali zuri! Bomba la kawaida hutoa maji. Bomba smati hutoa taarifa kuhusu maji. Kitanda cha kawaida mnalala wawili wawili, mzungu wa nne. Kitanda smati kiko kwenye mfumo. Ndiyo maana wodi ile ya zamani tuliibomoa mapema, kwa kasi na weledi, ili isije ikaionea wivu hii mpya.

(Mama mmoja mstari wa mbele ashika kiuno na kuuma ncha ya mtandio. Mkunga: "Mheshimiwa, huyu uchungu umemshika. Tufungulie mlango, tafadhali!")

Vumilia, mama, mvumilivu hula mbivu, na mimi nimebakiza kurasa chache tu. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba tangu mradi huu uasisiwe na mimi, hakuna mzazi hata mmoja aliyekosa kitanda katika wodi hii, hakuna mtoto aliyepotea, hakuna hata mende aliyeonekana. Asilimia mia moja na kumi! Nani mwingine angeweza? (Katibu: "Hakuna!")

(Mkunga azunguka nyuma ya mlango. Arudi akipandisha mikono ya gauni: "Jamani, huku hakuna chumba! Kuna nyasi na mbuzi!" Makelele.)

Dada mkunga, umeangalia kikawaida. Hebu rudi uangalie kismati.

(Mama apiga kelele, apiga magoti. Mumewe na seremala waung'oa mlango, wamlaza juu yake. Mkunga: "Twendeni hospitali ya ng'ambo ya mto! Mama, nishike mkono, usisukume bado!")

Nyie! Rudisheni mali ya umma! Sijakata utepe!

(Utepe wakatika wenyewe. Makofi ya kwanza kutoka juani.)

Basi. Ndugu wananchi mliobaki, tusitoke kwenye ajenda. Nikisema "Wodi!", semeni "Smati!" Wodi! (Kimya.) Wodi! (Mbuzi alia.) Ahsante kwa mwitikio.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru seremala kwa kusimamisha fremu jana jioni, ingawa leo amenivunja moyo. Naishukuru kamati, ambayo bajeti yote ya wodi iliitumia kikamilifu kwenye semina ya kutafuta maana ya jina lake. Na namshukuru katibu wangu, aliyeufungua mlango wa ofisi yangu kutoka kwenye bawaba zake, akauleta hapa ili tupate kitu cha kuzindua. Kwa hiyo, kwa vile mlango wenyewe umekwenda, natangaza rasmi kwamba kuanzia leo ofisi yangu iko wazi kwa wananchi wote.

(Mama mwingine, tumbo mbele, ajifunga mtandio kiunoni: "Haya wenzangu, mmemsikia. Tutajifungulia huko huko.")