Kila Mtu Abaki na Chake

Rafiki zangu, leo nimeaibika mbele ya nchi tatu. Siyo mbele ya majirani. Siyo mbele ya wazee wa baraza peke yao. Nchi tatu! Na zote zilikuwa zimekuja na watoto wao.

Nawaandikia upesi kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana kisa hiki kina miguu, na kesho kutwa kitakuwa kimefika bomani mliko. (Ninyi mliomaliza shule mkawa makarani mtaona makosa ya herufi. Yaacheni. Leo nina makosa makubwa zaidi.)

Mnaujua umoja wetu. Sisi wa Chinyika, wenzetu wa Isanga ng'ambo ya mto wa mchanga, na wale wa Igombo, tangu enzi za babu zetu tuna gulio moja na baraza moja, na hakuna anayemtoza mwenzake ushuru wa chumvi wala wa mbuzi. Mvua ikikosekana huku, ng'ombe wetu wanalishwa kule. Basi mwaka huu wazee wetu wakaanza kusema tujitoe. Sababu? Gulio liko Isanga. Wadachi wa boma wakitaka watu wa kufyeka barabara tunatoa sawasawa wote, lakini siku ya gulio faida inalala Isanga. Halafu kuna reli. Mzee Mbeleje, mkubwa wa wanaotaka kujitoa, anasema reli ikifika tutafanya biashara na pwani yote, na hata Ulaya kwenyewe, na Isanga tutawasahau jina.

(Reli yenyewe bado. Tumeona vigingi vitatu. Kimoja kimeshaliwa na mchwa.)

Mimi nami nilikuwa upande wa kujitoa. Nilikuwa mkali kuliko hata Mbeleje. Lakini niwaambie sababu yangu ya kweli, ambayo sikumwambia mtu.

Baba alipofariki, na mama akamfuata, niliachiwa wadogo watatu na ng'ombe wawili. Wadogo wapo nyumbani. Ng'ombe hawapo. Kwetu mwenye akili haweki mifugo yake yote zizini mwake. Humkabidhi rafiki wa mbali, huyo atunze na anywe maziwa, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, wa kule wapone. Ng'ombe wa baba wako Isanga kwa Mzee Lesilwa. Na mdogo wetu wa mwisho, Nyemo, ana miaka minne, na mbavu zake naweza kuzihesabu nikiwa mlangoni. Tangu kiangazi kianze anakula ugali wa uwele na mlenda, mlenda na ugali wa uwele. Anahitaji maziwa.

Mtauliza, kwa nini nisiende kuwaomba hao ng'ombe? Haya, ndugu zangu! Niliona haya. Kumdai rafiki wa baba yako ng'ombe ni kama kumwambia humwamini tena. Kazi hiyo hutumwa mtu mzima wa ukoo, na mtu mzima wa ukoo wetu ni mimi nisiye na ndevu. Nikafikiri: umoja ukivunjika, kila ng'ombe atarudi kwa mwenyewe bila mtu kuomba. Basi badala ya kwenda kuzungumza na mzee mmoja, nikaamua kuvunja nchi tatu.

Akili yangu hiyo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya baraza. Asubuhi nikaenda kuchukua shuka langu nililolianika karibu na zizi, nikakuta nusu. Nusu nyingine ilikuwa tumboni mwa mbuzi.

Nikajifunga ile nusu. Sechelela, dada yangu anayenifuata, akanizunguka akinitazama.

"Kaka, huwezi kwenda hivyo. Nyuma unaonekana."

"Naonekana kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

Basi akanikumbusha kanzu iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa hapo tangu mavuno, nilipoiazima niende arusini. Kitu ukikaa nacho miezi sita unasahau kwamba kina mwenyewe. Nikaivaa juu ya ile nusu ya shuka. Kanzu nyeupe, ya pwani, ina tarizi shingoni! Nikajiona mtu wa maana. Njiani nilitembea kama jumbe, na wanawake wawili wakanipisha. (Sechelela anasema walikuwa wanapisha punda aliyekuwa nyuma yangu.)

Baraza lilikaa kwenye mchanga wa mto, pale mpaka unapopita. Isanga upande wao, sisi upande wetu, Igombo katikati na vibuyu vyao vya pombe. Mbeleje akaanza.

"Watu wa Isanga wanatunyonya!"

"Gulioni mnakuja kwa miguu yenu, au huwa tunawabeba?" akajibu mtu wa Isanga.

"Chumvi yenu ina mchanga!"

"Na asali yenu ina nyuki!"

Wakaendelea hivyo hadi jua likawa kali. Watu wa Igombo hawakusema neno. (Huwa hawasemi. Huja, husikiliza, hunywa, huondoka.)

Mwisho wazee wakaweka utaratibu. Waamuzi ni sisi wa Chinyika. Anayetaka tujitoe apande kwenye ukingo wetu, anayetaka tubaki akae mchangani. Wengine wawe mashahidi. Watu wakaanza kutazamana. Wachache wakapanda, wengi wakasita. Mbeleje akaniona, akanivuta kwa mkono hadi juu ya jiwe lililoko ukingoni.

"Msikilizeni huyu!" akapaza sauti. "Huyu amesoma!"

(Miaka miwili.)

Nikasema. Jamani, nilisema!

"Ndugu zangu! Isanga wametupa nini? Nitazameni mimi! Yatima! Nimelea wadogo watatu kwa jembe langu. Ninakula jasho langu, ninavaa jasho langu! Sina kitu cha Isanga mwilini mwangu! Kila mtu abaki na chake! Na aliye na cha mwenzake akirudishe leo hii, hapa hapa, mbele ya watu!"

Vigelegele! Watu wakaanza kupanda ukingo kwa makundi. Sijawahi kupigiwa vigelegele maishani mwangu. Nikanyoosha mikono, upepo ukaijaza kanzu, nikawa kama hema la Bwana Shauri, yule mkubwa wa boma.

Hapo Mzee Lesilwa akainuka upande wa Isanga. Akaja pole pole na fimbo yake mpaka chini ya jiwe. Nikajua amekuja kunirudishia ng'ombe.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu.

"Mbukwa, baba."

"Umesema vizuri. Marehemu baba yako naye alikuwa na mdomo. Sasa, aliye na cha mwenzake akirudishe leo hii?"

"Leo hii, baba!"

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa!"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu!" (Niliinua hata ngumi.)

"Basi naomba kanzu yangu."

Nikakumbuka yote kwa mara moja. Arusi. Isanga. Mke wa Lesilwa akiikunja kanzu na kuniambia nisiitie mafuta ya nyama.

"Baba," nikanong'ona, "nitakuletea jioni."

"Jioni mtakuwa nchi ya mbali, mwanangu. Itatozwa ushuru mpakani."

Mtu mmoja akasema, "Vua!" Wengine wakadakia. "Vua! Vua!" Isanga walipiga makofi. Watu wetu pale ukingoni, niliowapandisha mimi mwenyewe, wakapiga makofi. Hata Igombo wakasema "Vua!" Ndilo neno lao la kwanza tangu nizaliwe. Na ndiyo mara ya kwanza leo nchi zote tatu kukubaliana.

Ningeweza kukimbia. Sikukimbia. Nilikuwa nimelisema neno mbele ya watu, na wadogo zangu walikuwa wananitazama. Nikaivua. Nikaikunja vizuri. Nikampa kwa mikono miwili. Nikabaki juu ya jiwe na nusu ya shuka, upepo unavuma kutoka Isanga, mikono yote miwili imeshika nyuma, kwa hiyo sikuwa na mkono wa kuficha uso.

"Kaka, geukia huku!" Sechelela akaniita. "Siyo huko! Huku!"

Mngedhani yameishia hapo. Yalikuwa yanaanza. Mama mmoja wa Isanga akasimama.

"Na mimi nataka kinu changu, kiko kwa mama Mlewa!"

"Chukua, lakini nirudishie jogoo wangu!" akajibu mama Mlewa wa kwetu.

"Jogoo tulimla pamoja!"

Wengine wakadai majembe. Mmoja akadai mbwa, na mbwa mwenyewe akakataa kwenda. Kisha vijana watatu wa Isanga wakamwendea Mbeleje kwa adabu kubwa.

"Shemeji, dada yetu tumchukue sasa, au utamleta mwenyewe?"

Na mkewe akaitikia kutoka nyuma, "Nakuja, kaka zangu! Nifunge mzigo tu!"

Mbeleje alikuwa kileleni mwa ukingo. Akashuka taratibu, kama mtu aliyeangusha kitu mchangani. Waliomfuata kupanda wakamfuata kushuka. Baada ya kitambo kidogo, upande wa kujitoa tulibaki wawili: mimi na yule punda wa njiani. (Yeye hakujua. Mimi sikuweza kuteremka bila kuachia shuka.)

Katika kicheko chote hicho, Mzee Lesilwa hakucheka. Akanitazama.

"Sasa niambie. Wewe ulitaka nini hasa?"

Ukiwa na nusu ya shuka huwezi kudanganya.

"Maziwa, baba. Nyemo anahitaji maziwa."

Watu wakaacha kucheka. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

"Tangu mavuno nakungoja wewe," akasema. "Ng'ombe wawili wamekuwa wanne, na mmoja ananyonyesha. Lakini kumrudishia mtu ng'ombe asiowadai ni kumfukuza. Ningekuletea, ungesema nimeuchoka udugu wa baba yako."

"Na mimi ningewadai, ungesema nimeacha kukuamini."

"Ningesema umekuwa mtu mzima."

Akanitupia kanzu mabegani. "Vaa. Nakuazima tena. Mara hii nasema mbele ya mashahidi ni ya nani."

Baraza likaisha vizuri kuliko lilivyoanza. Isanga wamekubali gulio liende kwa zamu, mara moja kwao, mara moja kwetu, na watu wa barabara wahesabiwe kwa ukubwa wa nchi. Tumebaki katika umoja. Mbeleje bado anasema reli ikifika atajitoa, lakini alisema kwa sauti ndogo, mkewe akiwa karibu.

Nilirudi na ng'ombe mmoja na ndama wake. Wawili nimewaacha kwa Lesilwa, kwa hiari yangu, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu. Nyemo amekunywa kibuyu kizima, akauliza kama kesho yapo tena. Nikamwambia yapo.

Basi nawaomba msicheke. Mkishindwa, subirini kidogo. Isanga bado wanacheka, na siku hizi huku kwetu mambo yanakwenda kwa zamu.