Buti za Thoya

Alhamisi, 13 Julai 1961
Hotuba getini! Meneja kasema Kizungu chake, nyapara Wafula katufasiria: mwisho wa mwezi kibarua mmoja ataandikwa kazi ya kudumu, kwenye mashine ya kukata mabati. Awe hachelewi, haumii. Sote tukamgeukia Thoya. Miaka miwili hajakosa hata siku moja. Jino lilipomuuma alikuja na shavu limefungwa kitambaa, akabeba mabati vile vile. Mimi pia naipenda kazi. Mwili tu ndio huchelewa.

Jumamosi, 15 Julai
Kesho arusi ya binamu yangu Matano, Likoni. Mwanamkasi atakuwapo! Nami sina viatu. Buti nilizopewa kiwandani nilizikata pua, zilinibana. Msomi wa darasa la tano, vidole nje! Za Thoya zinang'aa; huzipaka mafuta ya nazi kila jioni. Nikamwomba. Akakataa. Nikamwomba akila. Akakataa. Tunalala chumba kimoja hapa Changamwe, hana pa kukimbilia. Magharibi akachoka. Akasema asiye na buti haingii kiwandani, basi Jumatatu kabla ya king'ora azikute mlangoni. Nikaapa wallahi. Akasema afadhali niape kwa kitu ninachokiogopa.

Jumapili, 16 Julai
Ko! Ko! Ko! Nyumba nzima ilijua nimefika. Shangazi Mwanatabu akauliza tangu lini nimekuwa askari. Nikasema mimi mkuu wa mashine. Mwanamkasi akataka kujua kama hizo mashine huniamkia shikamoo. Akacheka! Nikanogewa, nikaingia ngomani, nikamkanyaga shangazi. Nilisahau ndani ya pua mna chuma. Mayowe! Nitalala huku huku. Feri ya alfajiri yatosha.

Jumatatu, 17 Julai
Sikuamka. Feri ilikuwa ng'ambo. Basi limejaa. King'ora kililia ningali Makupa.

Thoya hakutaka kupoteza siku yake. Zangu hazikumwingia. Alijizungushia miguuni vipande vya mpira mweusi wa gari, akavifunga kamba. Wafula, macho daftarini, akampitisha. Saa tatu bati likateleza kutoka kwenye rundo, likamshukia mguuni. Nilikuwa nishaingia, namtafuta nimpe buti zake. Nikamkuta chini. Wafula akatazama miguu ya Thoya, kisha yangu. Laiti angenitukana.

Jumatano, 19 Julai
Hospitali. Vidole viwili vimekatwa. Nilibeba machungwa, haya zikanishika mlangoni, nikayala mwenyewe. Thoya akasema mguu si neno. Alitaka kujua nani anasimama kwenye mashine.
"Mbwana, siku zangu je? Zinahesabiwa?"
Nikamwambia nafasi yake ipo. Uongo. Meneja kaandika kwamba Thoya kavunja amri kwa kusudi, na jina lake kalifuta. Nimelia kwenye ngazi. Mfagiaji akaniambia nisogee, napalowesha.

Ijumaa, 21 Julai
Wafula kaniita pembeni. Jumatatu meneja anafunga orodha. Akisikia kinywani mwangu buti zilikuwa kwa nani, huenda akamrudisha Thoya. Lakini niwe ofisini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara. Baada ya hapo haoni mtu. Nikauliza mimi nitafanywa nini. Wafula akasema mimi nina vidole kumi, nitafute kazi navyo. Basi nifukuzwe. Nitasema.

Jumapili, 23 Julai
Maneno nimeyakariri yote. Kitanda cha Thoya kitupu. Nimejuta mimi! Safari hii sichelewi, liwalo na liwe. Nimepata na dawa: jirani yetu Chengo ana baiskeli. Kwa baiskeli nitaongeza nusu saa ya usingizi, kichwa kiwe chepesi mbele ya meneja. Nishaiingiza chumbani. Mwenyewe bado hajui. Huipanda kwenda kazini bandarini, zamu yake saa moja kamili. Nitakuwa nishairudisha, inshallah.