Kiungulia cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimelala nimekaa. Tena! Daktari wa Dar alisema wazi kwamba baada ya upasuaji kichwa kiwe juu kuliko tumbo, la sivyo asidi itapanda. Hakusema itapanda yote kwa pamoja, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Koo linawaka. Rozina anakoroma bila wasiwasi. Mke wangu huyu ndiye mtu pekee hapa mjini Benaco anayejua kwamba nimekatwa tumbo la chakula, likabaki kadiri ya ndizi moja. Wengine wote wanajua nilikwenda Dar kununua mabati.

Kosa langu ni moja tu. Nilirudi bila mabati. Na bila kitambi.

Leo jirani yangu Malongo, Msukuma mwenzangu na mbea asiye na mpinzani, kaniuliza mbele ya bodaboda wote mabati yamefika wapi. Nikasema yako njiani. Akasema kwa nilivyokonda, anaona hata mimi niko njiani. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki.

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Mzee Nduwayo wa Bugarama, ambaye mwanawe Kwizera anamchumbia Diana wangu, ametuma ujumbe. Amesikia baba wa binti anaisha. Jumamosi wanaleta ng'ombe wa mahari, lakini kwanza wataniangalia kwa macho yao. Hawataki kuoa kwenye ukoo wenye ugonjwa. Nani kamwambia? Sina haja ya kuuliza. Malongo alikuwa mnadani Bugarama juzi.

Rozina akasema niwaambie ukweli, yaishe. Nikamwambia ana wazimu. Mimi, Mhoja, ambaye bodaboda walikuwa wakisukumiana nani anibebe, niseme nimelipa watu wanikate tumbo ili nisile? Kwetu Shinyanga baba yangu alimaliza paja la mbuzi peke yake na watu wakamwamkia kwa heshima!

Diana aliosha vyombo akinipa mgongo.

Nina mpango.

Alhamisi, 6 Juni

Masweta matatu ndani ya koti. Suruali mbili. Kwenye kioo nimerudi kuwa mimi! Nikatembea mpaka sokoni kwa mwendo wangu wa zamani, taratibu, mikono mbali na mwili. Jua likawaka. Jasho likanitoka mpaka puani. Muuza nyanya kanipa kiti, akauliza homa imeanza lini.

Kuhusu chakula, nyama nitaitafuna kidogo, kisha nitaipenyeza mfukoni. Rozina akauliza, na mchuzi je? Mwanamke huyu hana imani kabisa.

Kimebaki kitu kimoja, nacho kinaninyima raha. Wahangaza, kabila la kina Nduwayo, hawanywi pombe ambayo mwenye nyumba hajaionja mbele yao. Ndivyo anavyowaonyesha kwamba haina sumu. Tena si kuonja kwa ncha ya ulimi. Unavuta mrija sawasawa, shingo ionekane inameza. Rubisi! Pombe ya ndizi, chachu tupu! Daktari alinikataza hata chungwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata! Vibuyu viwili vinavyofanana. Kimoja rubisi, kingine maji ya uvuguvugu. Cha maji nimekifunga uzi mwekundu shingoni. Nitaonja maji, nitakunja uso kidogo kama mnywaji, kisha nitakiweka chini na kuwapa kile cha pili. Nani ataona? Ndani ya kibuyu ni giza.

Nikajipongeza kwa nyama choma, kipande kidogo tu. Vipande viwili. Halafu nikajilaza kidogo nifikirie hotuba yangu. Nimejuta! Yamepanda maji machungu mpaka nyuma ya pua. Rozina akaniletea mto, akaondoka na nyama iliyobaki.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nimekaa wima.

Walifika na ng'ombe. Kwizera akatuamkia, akainama mpaka kofia ikaanguka. Mzee Nduwayo akanizunguka kunikagua, kidogo anifungue mdomo ahesabu meno. Akasema anashangaa nimenenepa kifuani lakini shingo haina habari. Malongo, ambaye hakualikwa na mtu, akakaa karibu kabisa na vibuyu.

Ukafika wakati wa kuonja. Nikatafuta uzi. Hakuna uzi! Diana, kwa usafi wake, alikuwa amefuta vibuyu vyote na kuutupa. Nikachagua kwa kubahatisha, nikavuta mrija kwa nguvu zote, maana moyoni nilishaamua ni maji.

Rubisi!

Ikashuka, ikakutana na asidi, zikapanda pamoja. Nikashika koo. Macho yakatoka. Nikakimbilia uani, nikajikwaa kwenye ndoo, nikalala chini nikishindwa kuvua masweta. Nikamsikia Malongo akipiga kelele kwamba ni sumu. Mama Kwizera akapiga yowe. Nilipoinua kichwa, ng'ombe walikuwa wameshageuzwa kuelekea Bugarama.

Hapo Diana akapiga magoti kando yangu. Alikuwa analia. Akaniambia nisimfiche tena, anajua kwamba nakufa. Kila usiku ananisikia nikikohoa, na hajathubutu kuuliza kwa kuogopa jibu. Mtoto wangu! Muda wote huo alikuwa ananizika peke yake moyoni. Aibu ilinichoma kuliko asidi.

Nikasema yote, kwa sauti, mbele ya watu na ng'ombe. Siumwi kansa. Sifi. Nimekatwa tumbo nipungue, ninachougua ni kiungulia, na mabati hayapo na hayajawahi kuwapo.

Mzee Nduwayo akauliza kwa upole, hicho kipande walichokata wamekipeleka wapi. Nikasema sijui. Akauliza, kwa hiyo nililipa watu ili nikae na njaa? Nikasema ndiyo, mzee. Akasema kwao Bugarama njaa ilikuwa inapatikana bure.

Mama Kwizera ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wote. Diana alicheka huku analia, akanipiga ngumi ya bega, nayo inauma mpaka sasa. Ng'ombe wakageuzwa tena. Mzee Nduwayo akachukua kibuyu kile kile, akanywa, akatangaza kwamba damu ya binti haina kasoro. Kasoro iko kichwani mwa baba yake, na haionekani kurithiwa.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani kila aliyenisalimia alilisalimia kwanza tumbo langu. Sijali. Nimemwahidi Diana kwamba sitamficha kitu tena maishani. Niliahidi kwa moyo wote, nikalia kidogo. Rozina ni shahidi. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatano, 12 Juni

Daktari kapiga simu. Anasema kiungulia hiki kimezidi. Niende Dar wapenyeze kamera kooni, na huenda wakanirekebisha tumbo tena. Nimeogopa, sifichi. Rozina akasema nimwambie Diana leo hii. Nitamwambia! Ila si leo. Harusi iko karibu, binti ana furaha, kwa nini nimharibie? Masweta yote matatu nimeyafungasha, nitarudi nimeyavaa.

Asubuhi Malongo kapita akaniona na begi mlangoni. Akauliza safari ya wapi. Nikajibu kabla hata hajamaliza kwamba naenda kufuata mabati.

Hakucheka. Akaniambia safari hii nisisahau misumari.