Namba Kumi na Moja wa Kikula

Jumapili, 6 Machi 1994
Aba! Tumeshinda! Ligi ya kwanza ya wanawake hapa Likasi, na mimi Bertin, président wa Étoile ya Kikula, nina wachezaji kumi tu. Tukikosa tena kutimia, tunafutwa. Urbain, président wa timu ya Panda, alikuja mapema kutucheka. Basi nikaandika kwenye karatasi ya mechi jina la Jenny Mukendi. Jenny aliondoka kwa treni mwaka jana, yeye na wazazi wake, kwenda Kasai. Leseni yake bado iko kwangu. Mpango: mwamuzi akiita majina, miye nijifiche nyuma ya ukuta, niitike kwa sauti ya kike.

Sikuwahi. Mtu aliitika "présente!" kabla sijafungua mdomo. Bao la ushindi alifunga namba kumi na moja. Sura yake hakuna aliyeiona. Jambo dogo.

Jumatatu, 7 Machi
Jezi namba kumi na moja ilikuwa imefungiwa sandukuni. Leo imelowa jasho. Germaine, kapteni, amekuja analia. Ile ni sauti ya Jenny, asema, walikua pamoja, hawezi kukosea. Je, rafiki yake amekufa? Nikamjibu kwamba mfu hali, hanywi, hadai viatu. Akanitukana mimi na ukoo wangu.

Jumapili, 13 Machi
Ushindi tena! Tumeingia fainali, tutacheza na Panda. Urbain alituhesabu kwa kidole mara tano. Yeye: kumi. Mwamuzi: kumi na mmoja. Urbain akaenda zake bila kuaga. Raha gani!

Alhamisi, 17 Machi
Radjabu, muuza vitambaa, ametoka Mwene-Ditu, huko Kasai, na barua ya Jenny kwa Germaine. Jenny ni mzima! Ameolewa, ana mimba ya miezi sita. Lakini siku hizi, Jumapili mchana, usingizi unamwangusha, na akiamka miguu ina matope mekundu, magoti yamechubuka. Juzi aliona damu. Anauliza nani anamwita kiwanjani. Amwache, mimba isitoke.

Germaine akapiga magoti, nifute jina. Nikamwapia kwa Bikira Maria kwamba nitafuta. Bikira Maria hakuniuliza tarehe.

Jumamosi, 19 Machi
Karatasi ya fainali tayari. Jenny, namba kumi na moja. Nimeifunga kwenye bahasha, nikamtuma Germaine aipeleke kwa mwamuzi. Hatajua kitu.

Jumapili, 20 Machi
Nilikula bukari, nikajilaza kidogo kabla ya mechi. Nimeamka jua linazama. Nimekosa fainali! Halafu, Mungu wangu, miguu yangu: matope mekundu hadi magotini. Ukucha wa kidole gumba umeng'oka. Koo linaniwasha kama nimepiga kelele.

Germaine amekuja kunieleza. Bahasha aliifungua. Akafuta Jenny, akaandika Bertin, beki. Mwamuzi alipoita, "présente" iliitika, sauti ya kike mbaya kuliko zote alizowahi kusikia. Tumefungwa sita bila. Namba kumi na moja alianguka-anguka, akilia mama yake. Jenny sasa atalala kwa amani, Germaine alisema, na weye sasa unajua vile inauma.

Najua, ndiyo. Kosa ni lake Germaine: alinipanga beki! Mimi tangu utoto ni mshambuliaji. Kombe linaanza Jumapili ijayo, na karatasi nimekwisha kuandika. Bertin mbele, namba tisa. Beki nimemweka Urbain.