Hatua za Shangazi

Jumatano, 4 Juni

Ewe uliyelifungua daftari hili, naomba ufunge mlango kwanza. Halafu uape. Neno lolote la humu lisimfikie mtu, na hasa lisimfikie Mkuu wa Idara. Ukishindwa kunyamaza, lirudishe chini ya godoro ulipolitoa.

Siku ya tatu ya matembezi. Mkuu anapenda afya. Makarani wa muda tuko wawili, nafasi ya kudumu ni moja, naye ameamua tuigombee kwa miguu: kutoka ofisini hadi tawi la mlimani. Kila mmoja amefungwa saa ya kuhesabu hatua, na hesabu inajituma yenyewe ofisini. Wa kwanza kufikisha hatua laki mbili na nusu anapata barua ya kuthibitishwa kazini. Kupumzika kwa jamaa aliye njiani kunaruhusiwa. Waraka nimeusoma mara nne.

Malengelenge: saba. Mpinzani wangu ni karani wa mapokezi, tunamwita Kifutio kwa sababu hukosea kila barua. Amenipita asubuhi akipiga mluzi. Aliniuliza kama natembea au nasubiri basi.

Nimefika kwa shangazi nikichechemea. Yeye ni fundi cherehani. Ameitazama miguu yangu, akauliza ni kazi gani hiyo ya kalamu inayomchuna mtu nyayo. Nimewekwa miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Nimeamriwa nisisogee.

Alhamisi, 5 Juni

Hatua: mia moja na nne. Zote za chooni. Kifutio: elfu thelathini na mbili. Nimesomewa kwa simu na katibu muhtasi, ambaye alicheka katikati ya tarakimu.

Bila barua ile, mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi. Na mama nilishamwambia nimethibitishwa. Nilimwambia mwezi wa pili. Amewatangazia hadi wakwe wa dada.

Shangazi ana sare arobaini za shule za kukabidhi Jumamosi jioni. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Nimekaa na beseni langu namtazama. Anakanyaga, anakanyaga, anakanyaga. Hachoki! Hafiki popote! Niliacha kula.

Nimemwambia shangazi kwamba daktari wa ofisi ana kifaa cha kupima uvimbe kwa watu wanaokaa sana kazini. Akasema afadhali huko kwenu yupo mmoja mwenye akili. Nimemfunga saa yangu kwenye kifundo cha mguu wa kulia.

Ijumaa, 6 Juni

Hatua: elfu arobaini na nane! Nikiwa nimelala. Ofisini wamepiga makofi. Mkuu ameuliza nakula nini.

Saa nne shangazi alisimama kutafuta bobini ya uzi. Niliitafuta kwa magoti kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa faili lolote.

Jioni mteja ameingia, koti limefungwa kiunoni. Suruali imepasuka nyuma akiruka mtaro. Ni Kifutio! Alikumbuka kibao cha fundi alichokipita Jumatano, akarudi kwa basi. Shangazi alimpa shuka akae nyuma ya pazia. Kutoka hapo aliiona saa yangu kwenye mguu wa shangazi.

Aliuliza tu, kwa sauti ya kanisani, kifaa kile ni cha nini. Alipojibiwa, akasema hata yeye anatibiwa na daktari huyohuyo. Kisha akaninong'oneza kwamba kama nina pingamizi, tumpigie Mkuu pamoja, simu anayo.

Mguu wa kushoto ni wake.

Jumamosi, 7 Juni

Kifutio amelala hapa. Anamwita shangazi. Shangazi wa nani?

Siku nzima tumeshindana kumfanya asinyanyuke kitini. Mimi napiga sare pasi, yeye anaosha vyombo. Mimi naleta chai, yeye anampepea. Shangazi amesema hajabembelezwa hivi tangu harusi yake.

Hatua zangu za leo: 41,216. Za Kifutio: 41,216. Hatukuliwaza hilo. Tumesoma sote, hatukuliwaza.

Mkuu aliguswa sana. Maisha yake yote ya utumishi hajaona watumishi wanaokwenda sawa namna hii! Akapiga simu yangu kutupongeza. Mimi nina pasi mkononi, Kifutio ana povu hadi viwikoni. Shangazi akapokea.

Nilimsikia akisema ndiyo, wanangu wapo, wanapumzika vizuri. Ndiyo, vifaa anavyo yeye miguuni, vyote viwili, na uvimbe hana, amshukuru daktari.

Pasi ilikaa juu ya sare ya thelathini na tisa. Tuliikumbuka kwa harufu.

Jumapili, 8 Juni

Mkuu amekuja baada ya chakula cha mchana, na raba zake. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka.

Alifungua jalada, akasoma waraka kwa sauti, akasema kwa mujibu wa hatua nafasi ni ya mama huyu. Shangazi alikataa. Alisema ana sare ya kushona upya, na hawezi kufanya kazi mahali wanapopima miguu ya watu wakaacha vichwa.

Mkuu alicheka. Nadhani hiyo ndiyo imetuokoa. Saa zimechukuliwa. Atasimama mwenyewe kwenye geti la tawi kesho jioni. Atakayefika kwanza anapata barua. Wa pili anarudisha funguo.

Jumatatu, 9 Juni

Kifutio ametoka alfajiri, anatembea kwa miguu. Mjinga!

Shangazi amenikagua nyayo. Zimepona kabisa. Amenikabidhi viatu, akasema, mwanangu, mwenzio bado ana malengelenge, anachechemea, ondoka sasa hivi na saa sita utakuwa umempita. Nimesema naondoka sasa hivi.

Hiyo ilikuwa saa moja. Sasa ni saa nne. Uani kuna baiskeli ya jirani, fundi bomba. Tairi la nyuma lina nusu upepo. Nimefikiri sana. Kosa langu halikuwa pedali. Kosa langu lilikuwa kuchagua pedali isiyosogea. Baiskeli nitaificha kwenye kona ya mwisho, nijipake vumbi, nifike getini nikihema. Vumbi nimeshachota, liko kwenye kopo.

Ukinihitaji, usipige ofisini. Kwa mama usithubutu. Piga kwa shangazi, uulize kama sare ya thelathini na tisa iko tayari. Akisema iko tayari, nimethibitishwa. Akianza kucheka, fuata barabara ya mlimani mpaka utakapomwona mtu amekaa kando na kopo. Njoo na pampu.