Ndege Iliyokalia Meza Yetu

Jumatatu, 3 Juni
Ndege yangu imekamilika! Miezi saba! Mabawa karibu mita mbili kutoka ncha hadi ncha, nyekundu tupu, namba saba ubavuni, mfano wa zile za mashindano za enzi za babu. Inaongozwa kwa rimoti. Iko juu ya meza ya chakula, ambayo kusema kweli siku hizi ni karakana. Familia tunakula sahani zikiwa mapajani. Leo mama watoto katoa kauli: Jumamosi ndege ikiruka na kutua salama, meza ni yangu daima. Ikianguka, nahamisha makorokoro yote, na watu wanakula mezani jioni hiyohiyo. Nimekubali huku nacheka. Maskini, hajui anacheza na nani.

Jumatano, 5 Juni
Kaja Nukta. Ni fundi saa, jirani yetu. Mtaa umempa jina hilo kwa sababu kila kitu lazima akipime. Kindege chake cha buluu kinaruka tangu mwaka jana, na hachoki kutukumbusha. Kaizunguka yangu mara tatu, mikono mgongoni. Akauliza kama nimekagua usukani wa mkia, kile kibao cha nyuma kinachoigeuza kulia na kushoto. Bado. Akasema nikikagua nisimame nyuma ya ndege, nitazame inakotazama. Wivu mtupu! Nitafanya kinyume, nimkomeshe.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekagua. Nilisimama mbele, uso kwa uso, maana ndege hii ina sura nzuri. Nikasukuma kijiti cha rimoti kulia. Usukani ukaenda kushoto! Nikajua tu, Nukta kaichezea. Rimoti ina swichi ya kugeuza mwelekeo wa usukani, nikaigeuza. Sasa mambo safi. Mama watoto, akipita na sahani, akauliza ni kulia kwa nani, kwangu au kwa ndege. Ufundi hauelezeki kwa mtu aliyeshika sahani.

Jumamosi, 8 Juni
Uwanja wa mpira. Watu kibao. Ikapaa! Machozi yalinitoka, sioni aibu kuandika. Sekunde tisa za raha. Kisha nikakata kona kulia kukwepa goli. Ikaenda kushoto. Nikasukuma kulia zaidi. Ikazidi kushoto, ikamfuata Nukta. Mzee mzima akalala kifudifudi na suti yake. Ikapita juu ya kisogo chake, ikaingia ukutani. Bawa huku, bawa kule. Usukani peke yake mzima, hauna hata mkwaruzo.

Nukta akainuka, akajipangusa, akachezesha kijiti cha rimoti mara moja, akautazama usukani, akaniuliza kwa upole kama nilikagua nikiwa mbele. Nikasema ni upepo. Upepo haukuwepo. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni wamekula mezani. Nukta kaalikwa. Kakalia kiti changu.

Jumapili, 9 Juni
Nimeumia, sifichi. Nimehamishia kila kitu stoo. Mama watoto kaniletea chai hukohuko, akasema ilipokuwa juu ilipendeza kweli. Sekunde tisa, hata yeye alihesabu! Roho ikarudi.

Nimechunguza kosa kwa utulivu na nimelipata: mabawa yalikuwa mafupi. Mapya yatakuwa mita mbili na nusu. Stoo haitoshi. Lakini kitanda chetu, nikitandika ubao juu yake, kwa mshazari kinatosha kabisa. Nimeshakipima wakati mama watoto yuko sokoni. Tatizo ni dogo tu. Mkia utagusa ukuta, kwa hiyo nyuma hapatakuwa na pa kusimama. Nitaikagua kwa mbele.